Kubana magoti ndiko kunakokurusha: jinsi ya kutulia juu ya tandiko

SWALI: Ninajifunza kupanda farasi kwa takriban mwaka mmoja sasa, mara moja kwa wiki. Farasi akitembea sina shida. Akianza kwenda matiti, yaani kukimbia polepole, narushwa juu chini, mguu wa kulia unachomoka kwenye kikuku (kile chuma cha kukanyagia), na najikuta nimeinama mbele huku nikining'inia kwenye hatamu. Naambiwa nibane kwa magoti na nishushe visigino. Nabana mpaka mapaja yanauma siku mbili, lakini hali ni ileile. Je, nimepungukiwa nguvu za miguu, ni tandiko, au nina kasoro nyingine?

JIBU: Ndugu msomaji, miguu yako ina nguvu za kutosha, ila inapewa kazi isiyo yake. Umetaja mambo manne: kurushwa, kikuku kuchomoka, kuinama mbele na kuning'inia kwenye hatamu. Yote manne yanaweza kuzaliwa na jambo moja tu, nalo ni huko kubana unakoambiwa uzidishe.

Angalia umbo la farasi pale unapomkalia. Juu, karibu na uti wa mgongo, ni mwembamba. Chini kidogo, kwenye mbavu, ananenepa. Ukikaza misuli ya ndani ya mapaja, mapaja hayawezi kushuka kuukumbatia ule unene. Yanateleza kwenda juu kwenye wembamba, kama sabuni iliyolowa inavyochomoka mkononi ukiifinya. Makalio yanaachana na tandiko, pengine kwa sentimita moja au mbili tu, lakini hizo zinatosha. Mgongo wa farasi ukipanda unakukuta hewani nawe unashuka, na mnagongana.

Goti nalo likishabana linakuwa bawaba. Mguu ulio chini yake unarudi nyuma na kiwiliwili kilicho juu yake kinaanguka mbele. Uzito wako sasa umebebwa na goti, haufiki kwenye kikuku. Kikuku kisicho na uzito hucheza huku na huku, na unyayo lazima uchomoke. Ukiona umepoteza kikuku unashika kilicho karibu, yaani hatamu. Farasi akivutwa lijamu, yaani chuma kilicho mdomoni mwake, huinua kichwa, hubonyeza mgongo chini na kuukaza, na mgongo uliokazwa hurusha zaidi. Hapo unabana zaidi. Ndiyo maana juhudi zako zote hazijazaa kitu: kila unapoongeza bidii, unaongeza chanzo.

Kutulia kwenye tandiko kunatokana na mambo mawili: uzito ulioachwa ushuke mpaka chini, na nyonga inayokwenda na mgongo wa farasi kwa wakati wake. Nguvu zinahitajika, lakini ni za tumbo na mgongo, na ni kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Anza kwa kukagua tandiko

Usijilaumu kabla ya kujua umekalia nini. Tandiko lililoinama humshinda hata mpandaji hodari. Farasi asimame mahali tambarare, tandiko likiwa limefungwa, nawe ukiwa chini. Chukua penseli ya mviringo uiweke juu ya kikalio kwa kukingama. Itabingirika na kutulia pale palipo chini kuliko pote, na hapo panapaswa kuwa katikati ya kikalio. Ikikimbilia nyuma, tandiko linakumiminia nyuma, miguu inatangulia mbele, nawe unakaa kama uliye kwenye kiti cha sebuleni. Ikikimbilia mbele, uzito unaangukia kinena na kiwiliwili kinainama chenyewe hata ukijinyoosha vipi. Vidole viwili hadi vitatu viweze kupita kati ya tao la mbele la tandiko na sehemu ya juu ya mabega ya farasi, na mtu apime tena ukishapanda, kwa sababu uzito wako hulishusha tandiko. Ukishakaa, nyuma ya makalio pabaki upana wa vidole vinne hivi. Tandiko dogo mno halina nafasi ya nyonga kucheza; kubwa mno linakuacha uteleze.

Tazama pia pale mkanda wa kikuku unapofungwa. Kwenye matandiko mengine, hasa ya kurukia vizuizi, chuma cha kushikia mkanda huo kiko mbele sana. Kikuku hufuata mvutano wa dunia: kitaning'inia wima chini ya chuma chake, na mguu wako utavutwa huko. Unaweza kushindana nacho mwezi mzima, kitashinda. Kama kuna tandiko jingine linalomfaa farasi huyo, omba ulijaribu kabla ya kujihukumu.

Sasa urefu wa vikuku. Keti, toa miguu kwenye vikuku, iache ining'inie kabisa. Sehemu ya kukanyagia iguse mfupa wa kifundo cha mguu au iwe juu yake kidogo. Huo ndio urefu wa kuanzia kwa kazi ya kawaida ya uwanjani. Kwa kuruka vizuizi hufupishwa tundu mbili hadi nne. Vikuku virefu mno ni ugonjwa wa wanaoanza, kwa sababu mguu mrefu unapendeza kuutazama. Lakini mpandaji anayekitafuta kikuku kwa vidole vya mguu huinua kisigino, hukaza paja, kisha hukipoteza. Maelezo yako yanafanana sana na hali hiyo, kwa hiyo jaribu kufupisha tundu moja kabla ya jambo jingine lolote.

Jambo moja linalosahaulika: mikanda ya ngozi hurefuka, na wa kushoto hurefuka haraka kwa sababu wapandaji wengi hupandia upande huo. Itoe yote miwili, ishike pamoja kwenye vifungo, uone kama matundu yanalingana. Tofauti ya sentimita moja inatosha kukukalisha upande. Badilisha mikanda, wa kushoto uende kulia, kila baada ya muda, na pandia juu ya kigoda au jukwaa dogo badala ya kujivuta kutoka ardhini. Kikuku chenyewe kizidi upana wa kiatu kwa sentimita moja hivi kila upande, na kiatu kiwe na kisigino kifupi. Kikuku kinachobana kiatu ni hatari, kwa maana ukianguka mguu utanasa. Mkanda wa tumbo ukaguliwe mara tatu: kabla ya kupanda, ukishapanda, na tena baada ya dakika chache za kutembea, kwa kuwa farasi wengi hujaza kifua wanapofungwa.

Nyonga ndiyo inayokaa, miguu inaning'inia

Chukua kiti kigumu. Keti, weka viganja chini ya makalio, vitazame juu. Utahisi mifupa miwili inayochoma, mmoja kila upande. Hiyo ndiyo mifupa ya kukalia, na kazi yote ya kutulia inaanzia hapo. Pinda kiuno kwa ndani, kama anayetaka kutoa makalio nyuma: mifupa inageuka na uzito unahamia kinena. Sasa jikunje, kama aliyechoka kwenye basi: mifupa inasukuma mbele na unakalia mifuko ya nyuma ya suruali. Tafuta katikati, pale mifupa inapoelekea chini moja kwa moja na inapochoma kwa ukali kuliko popote. Hapo kiuno kina mpindo wake wa asili, si zaidi wala si pungufu.

Juu ya tandiko, mpandaji anayepinda kiuno kwa ndani huonekana mnyoofu na mrembo, lakini mgongo wake umefungwa. Haunyonyi mtikisiko wowote, na mwisho wa kipindi analalamika kiuno kinauma. Anayejikunja yuko tayari kuachwa nyuma farasi akiongeza mwendo. Wengi wa wanaoinama mbele kama wewe wako kundi la kwanza, ingawa wao wanahisi wamekaa wima kabisa. Hisia za mwili hudanganya, kwa hiyo mwombe mtu akupige picha ya video kutoka ubavuni. Simamisha video: sikio, bega, nyonga na kisigino viwe kwenye mstari mmoja wa wima. Mguu ukiwa mbele ya mstari huo, farasi akiondolewa ghafla chini yako ungeangukia makalio. Ukiwa nyuma yake, ungeangukia uso.

Kichwa nacho ni mzigo, kilo tano hivi kwa mtu mzima, na kiko juu kabisa ya mnara. Ukitazama shingo ya farasi, mzigo huo unakwenda mbele, mabega yanaufuata, na mgongo wa juu unajikunja. Tazama mahali utakapofika baada ya hatua kumi au kumi na tano. Hilo peke yake hunyoosha kiwiliwili kuliko kelele za "kaa wima!"

Tukija kwenye mguu, paja lote lilale bapa kwenye tandiko kwa uzito wake. Goti liguse bila kubana. Pima kwa kulifungua kiasi cha unene wa karatasi kisha liachilie lirudi lenyewe. Ndani ya kigimbi iguse ubavu wa farasi kwa wepesi. Kikuku kikae chini ya sehemu pana ya unyayo, nyuma tu ya vidole.

Kuhusu "shusha visigino": agizo hilo ni sahihi ila mara nyingi linatekelezwa vibaya. Mtu anasukuma kisigino kwa nguvu, kifundo cha mguu kinakaza, mguu unatupwa mbele, na ile springi ya chini kabisa ya mwili inakufa. Kisigino hakisukumwi. Kinashuka chenyewe uzito ukiachwa upite kwenye goti bila kuzuiwa. Kikiwa usawa mmoja na vidole, au chini kidogo, inatosha. Ukitaka kujua kama kifundo kiko hai, tazama video wakati wa matiti: kisigino kionekane kikishuka na kupanda kidogo kwa kila mdundo. Kikitulia tuli kama kilichopigwa msumari, kimekazwa.

Jifunze mdundo farasi akitembea

Unasema kwenye kutembea huna shida, na hapo ndipo wengi wanapopoteza hazina. Kutembea kuna midundo minne, ni polepole, na kunakupa muda wa kuhisi kitu ambacho matiti hayatakupa.

Farasi anaponyanyua mguu wa nyuma wa kushoto na kuuleta mbele, upande wa kushoto wa mgongo wake unashuka na tumbo lake linabembea kwenda kulia. Mfupa wako wa kukalia wa kushoto unashuka na kusogea mbele pamoja nao. Kisha inakuja zamu ya kulia. Tembea dakika tano, macho mbele, ukisema kwa sauti "kushoto, kulia" kila nyonga inaposhuka. Mwalimu athibitishe kwa kutazama miguu ya nyuma. Mwanzoni utakosea, pengine utaita kinyume kabisa. Ukipata mara ishirini mfululizo bila kukosea, nyonga yako imeanza kusikiliza.

Usiisukume nyonga. Kuna wapandaji wanaopiga kasia na makalio mbele nyuma wakidhani wanafuata mwendo. Hao wanamsumbua farasi na kujiyumbisha mabega. Farasi ndiye anayekusogeza. Wewe unaruhusu.

Palepale kwenye kutembea, fanya kusimama kwenye vikuku. Inuka mpaka makalio yaache tandiko kwa upana wa kiganja, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, nyonga juu ya visigino, mikono ikigusa nywele za shingoni mwa farasi. Kaa hivyo hatua kumi, kisha keti taratibu. Zoezi hili linasema ukweli wote. Ukianguka nyuma kwenye tandiko, miguu yako ilitangulia mbele. Ukiangukia shingo, miguu ilikwenda nyuma, na karibu kila mara ni kwa sababu goti limebana. Usirekebishe kwa mikono, rekebisha mahali pa mguu. Ukiweza hatua kumi bila kushika chochote, ongeza hadi thelathini, kisha fanya hivyo kwenye duara na kwenye kona.

Matiti: kwanza kuinuka, baadaye kukaa

Matiti yana midundo miwili: miguu hutua miwili miwili kwa mshazari, wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, kisha jozi nyingine, na katikati farasi anakuwa hewani kidogo. Maana yake mgongo wake unapanda na kushuka mara mbili katika kila hatua kamili. Mpandaji mkakamavu hutupwa juu na mpando wa kwanza, huchelewa kushuka, na hukutana na mpando wa pili akiwa njiani.

Usijaribu kukaa kwanza. Funga ukanda wa shingoni kwa farasi, hata mkanda wa kikuku wa zamani unafaa, na ushike kwa kidole kimoja au viwili pamoja na hatamu. Kuanzia leo ukipoteza mizani, unavuta ukanda huo au nywele za shingoni. Kamwe si mdomo wa farasi. Badiliko hili dogo hukata ule mzunguko nilioueleza, na mara nyingi farasi hulainisha mgongo ndani ya kipindi kilekile.

Kisha matiti ya kuinuka na kukaa, simama-keti, simama-keti. Nyonga ziende mbele kuelekea mikono, si juu kuelekea angani. Mruko wa mgongo wa farasi ndio unaokuinua. Wewe unauongoza tu. Inuka kidogo, sentimita chache, kisha rudi taratibu kama unayekalia yai. Anayetua kwa kishindo ameinuka kupita kiasi au miguu imemtangulia. Kwenye duara, inuka bega la nje la farasi linapokwenda mbele na keti linaporudi. Ukijikuta kinyume, keti midundo miwili mfululizo kisha endelea.

Ukizoea, badilisha hesabu: simama midundo miwili, keti mmoja. Kisha simama mmoja, keti miwili. Kisha simama mitatu, keti mmoja. Kati ya mazoezi yote ya uwanjani, hili ndilo ningelichagua kama ningeruhusiwa moja tu. Huwezi kusimama mdundo wa pili kwa kubana magoti. Bawaba itakuangusha mbele palepale. Huwezi pia kuulaghai mguu uliotangulia, utarudi tandikoni kabla ya wakati. Mwili unalazimika kutafuta mahali pa kisigino wenyewe, bila maneno ya mwalimu.

Matiti ya kukaa yaje baadaye, kwa vipande vidogo. Farasi apunguziwe kasi. Keti hatua sita hadi nane, inuka kabla hujaanza kurushwa, pumzika, rudia. Ukisubiri mpaka umekazana, umeufundisha mwili kukazana. Toa pumzi kwa sauti unapoketi, maana anayezuia pumzi hukaza tumbo, nyonga na mapaja kwa pamoja bila kujua. Fikiria magoti yakishuka chini kila mgongo wa farasi unaposhuka. Nyonga itafunguka yenyewe. Tumbo la chini liwe na mkazo mdogo, kiasi cha mtu anayejiandaa kukohoa.

Mabadiliko ya mwendo nayo ni mazoezi bora. Tembea hatua kumi na tano, matiti hatua kumi na tano, rudi kutembea, mara kumi. Kila mara mwendo unapobadilika, mizani yako inaulizwa swali jipya.

Kamba ndefu

Kama mwalimu wako anaweza, omba vipindi kadhaa vya kuzungushwa kwa kamba ndefu. Mwalimu anasimama katikati, anamwongoza farasi, nawe huna kazi nyingine ila kukaa. Katika Shule ya Uhispania ya Upandaji Farasi iliyoko Vienna, Austria, mwanafunzi mpya hukaa kwenye kamba miezi mingi, bila vikuku wala hatamu, kabla ya kukabidhiwa farasi amwongoze mwenyewe. Wewe huhitaji miezi mingi. Dakika kumi na tano hadi ishirini kwa kipindi zinatosha, kwenye duara la kipenyo cha mita kumi na tano hadi ishirini, mkibadilisha upande kila baada ya dakika tano. Duara dogo zaidi linachosha viungo vya farasi na linakutupa nje.

Farasi awe mtulivu na aliyezoea kazi hiyo. Hatamu zifungwe fundo zilale shingoni ili zisining'inie miguuni. Anza mkono mmoja ukishika sehemu ya mbele ya tandiko, mwingine umelegea pembeni. Badilisha. Kisha mikono yote miwili ifunguliwe pembeni usawa wa mabega, kisha geuza kiwiliwili kulia na kushoto bila nyonga kuondoka. Zungusha mkono mmoja kurudi nyuma polepole. Utahisi kifua kikifunguka na mfupa wa kukalia wa upande huo ukizama. Kama magoti yanabana, mgeuko wa kiwiliwili utazivuta nyonga, na hapo utajikamata.

Kupanda bila vikuku kunasaidia, lakini kwa kipimo. Vuta kidogo vifungo vya mikanda visifanye nundu chini ya paja, kisha pitisha vikuku mbele ya tandiko vikae upande wa pili. Dakika mbili za matiti, si ishirini. Paja likichoka litabana, na kuanzia hapo kila dakika ni ya kujifundisha kosa, huku mgongo wa farasi ukilipia. Helmeti iliyofungwa vizuri ni lazima wakati wote.

Shoti, mwendo wa kasi kuliko matiti, sitaieleza kwa kirefu kwa kuwa bado hujaifikia. Ina midundo mitatu na kituo kidogo hewani, na wengi huiona rahisi kukalia kuliko matiti. Kosa kubwa ni kuyumbisha mabega mbele nyuma badala ya kuiachia nyonga, na kuinamia ndani kwenye kona.

Kwa nini ni kikuku cha kulia

Mguu unaopoteza kikuku kwa kawaida ni ule usio na uzito. Kwa hiyo yamkini unakalia kushoto, na mguu wa kulia unapanda juu kujishikilia. Pigwa picha kutoka nyuma, farasi akitembea kuondoka kwenye kamera. Mstari wa mkia, katikati ya tandiko, uti wako wa mgongo na katikati ya kichwa chako vilingane. Ukiona ubavu mmoja una mikunjo kwenye shati na mwingine umenyooka, umejikunja upande wenye mikunjo.

Usijaribu kuegemea upande wa pili. Utapata kosa la pili juu ya la kwanza. Refusha ubavu uliojikunja: inua mkono wa upande huo wima juu ya kichwa kwa hatua ishirini za kutembea, kisha ushushe bila kuuachia ubavu uporomoke.

Kabla ya kujitwika lawama yote, panda farasi mwingine. Tandiko likienda upande uleule kwa farasi wawili au watatu, tatizo ni lako au la tandiko. Likienda kwa farasi mmoja tu, mtazame yeye. Farasi ana upande anaojikunja kwa urahisi, na humsukuma mpandaji upande mmoja. Tena tandiko linaloteleza upande siku zote kwa farasi mmoja linaweza kuwa dalili ya kuchechemea mguu wa nyuma, kuchechemea kudogo kusikoonekana kwa macho ya kawaida. Hilo ni la daktari wa mifugo, si la mazoezi.

Mazoezi ya nyumbani

Unapanda mara moja kwa wiki, na mara moja ni kidogo kwa mwili kukumbuka. Dakika kumi na tano, siku tatu kwa wiki, zitajaza pengo. Misuli ya mbele ya nyonga ndiyo ya kwanza, hasa kama unashinda umeketi kazini: piga goti moja chini, mguu mwingine mbele, sukuma nyonga mbele bila kupinda kiuno, sekunde thelathini kila upande, mara mbili. Bila ulegevu huo paja haliwezi kushuka.

Kisha simama kwa mguu mmoja, goti limekunjwa kidogo, sekunde thelathini. Ukiweza, fumba macho. Linganisha pande mbili, na usishangae ukikuta tofauti inayofanana na ile ya kikuku. Simama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu pana ya unyayo, visigino hewani, uviachie vishuke polepole mara kumi. Hiyo ndiyo hisia ya kikuku unayoitafuta. Malizia na kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde ishirini hadi thelathini mara tatu. Kiuno kikianza kuporomoka, acha.

Kipindi chako kijacho

Fupisha vikuku tundu moja, funga ukanda wa shingoni. Dakika kumi za kutembea na kuita "kushoto, kulia". Dakika tano za kusimama kwenye vikuku. Dakika kumi na tano za matiti ya kuinuka, nusu yake kwa hesabu ya simama-simama-keti, na mabadiliko ya mwendo katikati. Dakika tano za matiti ya kukaa kwa vipande vya hatua sita. Mengine yaliyobaki, mtembeze farasi hatamu zikiwa zimelegea.

Mwambie mwalimu wako mapema kwamba unajaribu kufungua magoti, asije akapiga kelele akiona mguu umelegea. Vipindi viwili vya kwanza utahisi huna usalama, kwa sababu ule mkazo uliokuwa ukiuegemea haupo. Kikuku kikichomoka katikati ya matiti, usikikimbize kwa vidole. Shika ukanda wa shingoni, rudisha farasi kwenye kutembea, acha mguu ushuke wote, tikisa kifundo, kisha geuza vidole ndani kidogo uingie kikuku kwa upande wa nje. Subiri mfupa wa kukalia wa kulia uchome tena kwenye tandiko ndipo uombe matiti.